Triathloni ndefu: Kwa nini anayejiandaa hufanya mazoezi ya polepole?

Februari 1982, huko Hawaii nchini Marekani, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 23 alikuwa anaongoza mashindano ya wanawake. Jina lake Julie Moss. Hakuwa mwanamichezo wa kulipwa. Alijiandikisha kwa ajili ya utafiti wake wa chuo. Tangu asubuhi alikuwa ameogelea, ameendesha baiskeli na kukimbia. Akiwa karibu kabisa na mstari wa kumalizia, miguu ilikataa. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Kathleen McCartney akampita na kushinda. Moss alimaliza kwa kutambaa, sekunde 29 baadaye.

Picha zake zilionyeshwa kwenye televisheni na zikaufanya mchezo huu ujulikane mbali. Moss hakukosa moyo wa kupambana. Mwili wake ulikuwa umechoka kupita kiasi na kukaukiwa maji. Hilo ndilo tatizo ambalo kila anayejiandaa kwa triathloni ndefu hufanya mazoezi ili kuliepuka. Kazi yake kubwa ni kujifunza kutumia nguvu kidogokidogo ili zimfikishe mwisho.

Mchezo wenyewe ukoje?

Triathloni ni michezo mitatu inayofuatana siku moja: kuogelea, kuendesha baiskeli, kisha kukimbia. Saa haisimami unapotoka mchezo mmoja kwenda mwingine. Hata muda wa kujifuta maji na kuvaa viatu unahesabiwa.

Masafa hutofautiana. Katika Olimpiki, ambako mchezo huu uliingia mwaka 2000 mjini Sydney, wachezaji huogelea kilomita 1.5, huendesha baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10. Triathloni ndefu, inayojulikana zaidi kwa jina la Ironman, ni kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180 na kukimbia kilomita 42.2. Jumla ni kilomita 226. Baiskeli peke yake ni safari pungufu kidogo ya kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na mtu akishuka hapo ndipo anaanza kukimbia marathoni.

Mashindano haya yalianzia Hawaii mwaka 1978, kutokana na ubishi wa kirafiki: nani mwenye mwili imara zaidi, mwogeleaji, mkimbiaji au mwendesha baiskeli? Afisa wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, alipendekeza michezo yote mitatu iunganishwe. Walianza watu 15, wakamaliza 12. Mshindi, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46.

Siku hizi washiriki kwa kawaida hupewa muda wa saa 17. Aliyeanza saa 1 asubuhi anapaswa kumaliza kabla ya saa 6 usiku. Wengi wao ni wanamichezo wa ridhaa, yaani watu wenye kazi na familia zao, wasiolipwa kwa kucheza. Hao hulipa ada ili washiriki.

Mwili una maghala mawili ya nguvu

Ili kuelewa mazoezi ya watu hawa, ni vizuri kujua mwili unapata wapi nguvu.

Ghala la kwanza ni sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini. Wataalamu huiita glikojeni. Inatokana na vyakula vya wanga kama ugali, wali, viazi na ndizi. Nguvu yake hupatikana haraka, lakini ghala ni dogo. Mtu akikimbia kwa kasi kubwa bila kula, linaweza kukauka katika muda wa saa mbili hivi.

Ghala la pili ni mafuta ya mwilini. Hata mtu mwembamba anayo ya kutosha kwenda mbali sana. Ila mafuta hutoa nguvu polepole na yanahitaji hewa ya oksijeni ya kutosha.

Fikiria moto wa jikoni. Nyasi kavu huwaka mara moja na kuisha. Gogo huwaka taratibu hadi usiku. Ukienda kasi hadi unahema, mwili unachoma nyasi. Ukienda kwa utulivu, unachoma zaidi gogo na kubakiza nyasi za baadaye.

Mazoezi marefu ya polepole huufundisha mwili kutumia hilo gogo. Moyo huanza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mishipa midogo ya damu huongezeka ndani ya misuli, na misuli yenyewe huongeza uwezo wa kuchoma mafuta. Mabadiliko haya huchukua miezi, wala hayaharakishwi kwa kujichosha. Ndiyo maana makocha wengi hutaka takribani sehemu nne kati ya tano za mazoezi ziwe za polepole.

Polepole ni kasi gani? Kipimo rahisi ni mazungumzo. Kama unaweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, kasi ni sahihi. Kama unatoa neno mojamoja, umezidisha.

Wiki moja ya mazoezi

Mtu ambaye tayari anaweza kuogelea na kukimbia huhitaji takribani miezi sita ya maandalizi. Wanamichezo wa ridhaa wengi hufanya mazoezi kati ya saa 8 na 15 kwa wiki. Wiki ya saa 11 inaweza kuwa hivi:

Jumatatu: mapumziko.
Jumanne: kuogelea saa moja kabla ya kwenda kazini.
Jumatano: baiskeli saa moja na nusu.
Alhamisi: kukimbia saa moja.
Ijumaa: kuogelea saa moja.
Jumamosi: baiskeli saa nne, na papo hapo kukimbia nusu saa.
Jumapili: kukimbia saa mbili polepole.

Zoezi la Jumamosi lina sababu yake. Anayeshuka kwenye baiskeli baada ya saa nyingi huhisi miguu mizito, kana kwamba si yake. Kuunganisha michezo miwili kunaizoesha miguu kubadilika haraka.

Muda wa mazoezi huongezwa kidogo kidogo. Baada ya wiki tatu za kuongeza, wiki ya nne hupunguzwa. Wiki mbili au tatu za mwisho kabla ya mashindano hupunguzwa zaidi. Hapa wengi huingiwa na hofu na kutaka kuongeza mazoezi. Huko ni kukosea. Mazoezi huuchosha mwili na kuuumiza kidogo. Kujengeka hutokea wakati wa kupumzika, hasa usingizini.

Mwili uliozidishiwa hutoa ishara: usingizi hukatika, mapigo ya moyo ya asubuhi hupanda kuliko kawaida, mafua hayaishi, au mfupa mmoja unauma mahali palepale kila siku. Kwa mwanamke, kukatika kwa hedhi kunaweza kuwa dalili kwamba chakula anachokula hakilingani na kazi anayofanya. Si jambo la kupuuza wala kuonea fahari.

Kula na kunywa njiani

Hata aendaye polepole hawezi kumaliza kilomita 226 bila kula. Wataalamu hushauri gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa ya mazoezi marefu. Waliozoea hufikia gramu 90. Ndizi mbivu moja ya wastani ina gramu 25 hivi, kwa hiyo ndizi mbili kwa saa zinatosha kufikia kiwango hicho. Wengi hula wakiwa kwenye baiskeli, kwa sababu tumbo hutikisika zaidi wakati wa kukimbia.

Tumbo nalo hufundishwa. Chakula cha siku ya mashindano hujaribiwa kwanza katika mazoezi ya Jumamosi, wiki baada ya wiki. Asiyefanya hivyo anaweza kuishia kutapika kando ya barabara.

Kuhusu maji, kuna hatari mbili. Kukosa maji kunadhoofisha, hasa juani. Lakini kunywa maji mengi kupita kiasi kwa saa nyingi hufanya chumvi katika damu ipungue mno. Mtu huumwa kichwa, hutapika, huchanganyikiwa, na anaweza kupoteza maisha. Kutia chumvi kwenye maji hakumkingi anayezidisha kunywa. Kwa watu wengi, kunywa kulingana na kiu ndiyo njia salama.

Hatari kubwa iko majini

Vifo vingi vilivyotokea katika mashindano ya triathloni vimetokea wakati wa kuogelea. Baridi ya maji, msukumano wa watu na hofu vinaweza kuushtua moyo, hasa wenye tatizo ambalo mwenyewe halijui. Kwa hiyo anayejiandaa haogelei peke yake ziwani au baharini, hata kama ni hodari. Mwenye zaidi ya miaka 40, au mwenye shinikizo la damu au kisukari, apimwe kwanza kabla ya kuanza mazoezi mazito. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzimia wakati wa mazoezi ni sababu ya kuacha papo hapo na kwenda hospitali.

Je, huu ni mchezo wa vijana tu?

Hapana. Mtawa Mmarekani, Madonna Buder, alianza kukimbia akiwa na umri wa miaka 48. Alimaliza Ironman yake ya kwanza akiwa na miaka 55. Agosti 2012, akiwa na miaka 82, alimaliza Ironman ya Kanada kabla ya saa 17 kuisha. Si kwamba mwili wake haukuzeeka. Ni kwamba alikuwa ameujenga kwa zaidi ya miaka 30.

Mchezo huu umefika pia katika eneo letu. Agosti 2022, mashindano ya nusu ya masafa ya Ironman yalifanyika Rubavu nchini Rwanda, kando ya Ziwa Kivu: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90 na kukimbia kilomita 21.1.

Huenda wewe unayesoma haya huna mpango wa kushindana. Lakini kama unataka kuanza mazoezi, iwe ni kukimbia kabla ya kwenda shamba au kuendesha baiskeli jioni, anza kwa kasi ambayo unaweza kuzungumza na mwenzako. Ongeza kidogo kila wiki. Pumzika angalau siku moja. Na siku ya kwanza, rudi nyumbani ukiwa bado una nguvu ya kuendelea, kwa sababu kesho kutwa utatoka tena.