Mu soko la Manika na kitabu kidogo mukononi

Kama unataka kujua Kolwezi inaishi namna gani, acha hoteli, acha majengo mapya ya katikati ya muji. Ingia mu soko kule Manika, asubui, wakati wamama wanapanga mafungu ya nyanya juu ya mifuko na harufu ya samaki kavu inachanganyika na ile ya makala. Siku ya kuchagua ni ile inayofuata malipo ya kampuni. Siku hiyo hata njia ya kupitisha kikapo haiko, na mapikipiki yanapiga honi bure tu.

Mimi niliingia na kitabu kidogo na biki. Sisi watu wa sendika, mbele ya kukaa ku meza na muajiri, tunatembea soko na kuandika bei, kwa sababu mukubwa wa kampuni anakuja na makaratasi yake na wewe hauwezi kuja na kelele tu. Kifaransa kinasema « panier de la ménagère ». Mimi nasema kikapo ya mama. Na nitawaambia pia mahali pa kupata kitu kizuri kwa bei ya chini, maana kuandika bei bila kuonja kitu ni kazi ya huzuni.

Tuanze na bunga, kwa sababu hapa bila bukari mutu anasema hakukula. Mufuko wa kilo 25 ni wa wenye mushahara wa kweli. Wengine wote wananunua ku meka, na meka inahitaji macho. Angalia chini yake kwanza: kama imegongwa na kuingia ndani, unalipa bunga ambayo haiko. Angalia pia kichwa, bunga inapaswa kusimama kama kilima, si kusawazishwa na mukono. Nilihesabu nyumbani: mwenye kununua kwa meka mwezi muzima analipa kuliko mwenye kununua mufuko. Ni vile, masikini ndiye anayelipa bei ya juu.

Tena bunga hiyo na mahindi yake, sehemu kubwa inatoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa. Mwaka 2024 ukame ulipiga Zambia hadi serikali yao ikatangaza janga la taifa, na sisi huku tuliusikia mu sufuria. Jimbo hili linatoa shaba na kobalti kwa dunia nzima, udongo iko, mvua iko, lakini mahindi tunangojea ku mupaka. Jambo hili linaniuzi kila mara. Wamama wao hawakungojea mukutano: wanachanganya bunga ya mahindi na ya muhogo, bukari inakuwa nzito na inakaa mu tumbo. Kwangu mimi ndiyo tamu zaidi.

Ku mboga, pesa kidogo inafanya kazi. Sombe wanaitwanga pale pale, unaenda nyumbani unaweka tu ku moto na karanga. Lengalenga, matembele, ngaingai, vyote viko. Ongea na muuzaji vizuri, muite mama, uliza watoto, kisha uombe matabishi. Atakuongezea kishikizo kimoja bila kukasirika. Mwenye kuanza na maneno ya ukali anapewa majani ya jana. Lakini osha, tena osha mara tatu. Mwaka 2018 watafiti wa Université de Lubumbashi na wa KU Leuven walitoa kazi yao juu ya Kasulo, kiwanja ambamo watu wanachimba kobalti mu lupango zao tangu 2014, na walikuta kobalti nyingi mu mukojo ya watu wa pale, zaidi watoto. Vumbi ile haichague mutu wala jani.

Sasa utamu. Wakati wa mvua usikose uyoga na vinkubala, wale wadudu wa miti ambao ukikaanga na chumvi na nyanya unasahau nyama. Na utafute mama mwenye kikanda. Ni kile chakula cha mizizi ya maua ya porini, inasagwa, inapikwa pamoja na karanga na pilipili mpaka inakuwa ngumu kama soseji kubwa, kisha anakukatia kipande na kisu. Wageni wanafikiri ni nyama. Kula ukisimama, na munkoyo baridi pembeni. Ni bei ya mutoto wa shule.

Samaki iko ya aina mbili. Ile ya ziwa Nzilo, ya huku kwetu, nzuri lakini mufanyakazi anaitazama tu. Na tomson, ya barafu, inayotoka mbali ku bahari ya Namibie. Mutu anakaa karibu na muto Lualaba na anakula samaki ya bahari ya Atlantiki.

Upande wa nguo, njoo asubui mapema wanapofungua balo. Hapo unapata shati ya Ulaya isiyokuwa na doa. Ukitajiwa elfu kumi, sema elfu nne, ondoka polepole, utaitwa. Lakini pembeni ya nguo niliona kitu kilichonisimamisha: viatu vya usalama, vyenye chuma mbele, vingine vimekwisha kuvaliwa, na vijana watatu wa sutretansi wanajaribu kipimo. Wanaingia mu mgodi na viatu wanavyojinunulia wenyewe! Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaweka usalama wa mufanyakazi juu ya muajiri, si juu ya mufuko wa mufanyakazi. Niliandika bei ya viatu pia. Kikapo ya mama haina viatu vya mgodi ndani, lakini pesa inatoka mahali pamoja.

Wazee wanakumbuka namna ingine. Wakati wa Union Minière, na nyuma ya 1967 wakati wa Gécamines, bunga ilikuja na kazi: posho, kila mufanyakazi na fungu lake kufuatana na watoto. Sisemi ilikuwa paradizo. Muzungu ndiye alikuwa anahesabu chakula chako na mizigo utakayobeba. Lakini kisha kampuni ikaanguka, na mu 2003 watu zaidi ya 10 000 wakaondolewa na pesa ya mara moja, ile waliyoita « départ volontaire ». Hapo ndipo mezani nyingi za soko zilizaliwa. Mama alitoka na beseni ya karanga, na beseni hiyo ikalipa shule. Wanawake wengine ninaowaona hapa ni watoto wa mama hao, ku fasi ile ile.

Soko inajua habari za mgodi mbele ya redio. Mwezi wa pili wa 2025, Serikali iliposimamisha kutoka kwa kobalti kwenda inje, wachimbaji wa mikono walipunguza kununua, na wauzaji wa nyama wakaanza kukata vipande vidogo. Muuza mafuta mumoja alinionyesha daftari yake ya madeni: kurasa na kurasa, majina ya ba papa wa kazi, si ya wavivu. Anakopesha kwa sababu asipokopesha hauzi. Anafungua deni tarehe 10, anangoja mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi anapewa nusu.

Mwaka huo huo wa 2025 SMIG ilipandishwa, kutoka 7 075 falanga kwa siku, iliyowekwa mu 2018, hadi 14 500. Kampuni kubwa zilikuwa zinalipa juu ya hapo, ni kweli. Lakini sutretansi zilikuwa zinaipenda sana namba hiyo ya chini. Kwa hiyo nilifanya hesabu pale pale, nimekaa juu ya kreti ya bia: siku moja ya SMIG, jamaa ya watu saba, meka, mafungu mawili ya sombe, mafuta ya kupima ku kikombe kidogo, chumvi, makala. Kabla ya kufika ku samaki pesa ilikuwa imekwisha. Nyumba, shule, dawa, mapikipiki ya kwenda kazini, hata sikugusa.

Karatasi hiyo sasa iko mu dosye ya madelege. Muajiri mumoja alikwisha kutuambia kwamba bei zetu ni za kubuni. Tukamujibu kwa heshima: Jumamosi tutamupitia asubui, aje na kikapo yake na mushahara wa siku moja wa mutu wake wa chini kabisa, na meka tutamuchagulia sisi.