Kicheko Tulichorudi Nacho Kutoka Ulaya

Watu wakisikia kwamba familia imetembea Ulaya, huuliza habari za majengo, treni na bei za vitu. Watoto wangu watatu hawasimulii hayo. Wao humsimulia baba yao, na jambo hilo hunifurahisha kuliko picha zote tulizopiga.

Akina mama wenzangu ambao waume zenu hufanya kazi mbali mtanielewa. Kwa miaka minne mume wangu alikuwa katika kituo cha kazi cha mkoa mwingine, akija nyumbani mwisho wa mwezi tu. Watoto walimheshimu, lakini alikuwa kama mgeni. Akiingia sebuleni, mazungumzo yalikatika. Kitinda mimba wetu wa miaka tisa alipitisha kila ombi kwangu: "Mama, mwambie baba..." Na baba mwenyewe ameketi pale pale!

Basi wifi yangu anayeishi Köln, Ujerumani, akatualika Juni 2023. Tulitoa akiba ya miaka mingi, tukatembea wiki mbili kwa treni: Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa. Nchi hizo zote huingiwa kwa viza moja ya Schengen, na zote hutumia euro.

Sheria ya jua

Jioni ya kwanza wifi alitandika meza: mkate wa kahawia, jibini, matango na vipande vya nyama baridi. Wajerumani wengi hula hivyo jioni, maana chakula cha moto wamekwisha kula mchana. Baba watoto alikula kipande kimoja kwa adabu, akajiachia nafasi ya chakula chenyewe. Akangoja. Wifi alipoanza kuondoa vyombo, kitinda mimba akaninong'oneza kwa sauti iliyosikika meza nzima: "Mama, mwambie baba kwamba ndiyo basi!"

Usiku huo huo baba aliwaita watoto ndani wakalale. Nyumbani kwetu sheria yake ni moja: michezo mwisho jua likizama. Kitinda mimba akamtazama usoni, akanyosha kidole angani. "Baba, mbona jua bado lipo?" Mwezi wa Juni jua la Köln huzama karibu saa 3:50 usiku. Baba akatazama saa, akatazama jua, akacheka mpaka akakaa chini. "Sheria ni sheria," akasema, wakarudi kucheza. Mimi niliona jambo jingine: mtoto alikuwa amesema na baba yake bila kupitia kwangu.

Zulia jekundu

Amsterdam kuna njia za baiskeli zilizopakwa rangi nyekundu. Baba watoto alisimama katikati ya njia mojawapo, kifua mbele, apigwe picha. Mara kengele zikalia kila upande! Katika nchi ile baiskeli ni nyingi kuliko watu, na waendeshaji hawana subira na mtu aliyesimama njiani. Kijana wetu akamvuta baba yake kwa mkono, akamwambia, "Baba, zulia hili hatukutandikiwa sisi." Tangu hapo kila walipovuka barabara walishikana mikono, na kijana mwenyewe ana miaka kumi na minne.

Brussels tulitembea mwendo mrefu kuona Manneken Pis, sanamu ya mtoto anayekojoa. Tulitazamia kitu kikubwa, kumbe urefu wake ni kama nusu mita! Mimi kwa macho ya uuguzi nikasema mtoto anayekojoa mfululizo hivi lazima apimwe sukari. Wifi akatueleza kwamba sanamu hiyo ina mavazi zaidi ya 1,000, ambayo huvishwa siku maalumu. Siku ile ilikuwa uchi. "Nguo zaidi ya elfu moja na hana la kuvaa," akasema baba, akimtazama binti yetu mkubwa. Binti alijua asemwaye. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Paris, jirani wa wenyeji wetu, mama wa makamo, alitupokea mlangoni. Mume wangu akanyosha mkono. Yule mama akamwekea shavu kulia, akamwekea shavu kushoto, kama ilivyo desturi yao. Mkono wa mume wangu ukabaki hewani, na macho yake yakanitafuta mimi, kana kwamba anaomba ruhusa. Watoto wanaiigiza salamu hiyo mpaka leo, na yeye huwasahihisha: "Macho yangu hayakutoka hivyo!"

Kucheka na baba

Ugenini baba hakuwa mjuzi wa kila kitu, na watoto wakapata nafasi ya kumsaidia. Mimi nilijizuia kumtetea kila alipochekwa, kwa kuwa niliona yeye mwenyewe anafurahi. Lakini kucheka na baba si kumdharau. Mtoto wetu alipozidisha mbele ya wageni, nilimkanya faraghani.

Mume wangu alirudi kituoni kwake. Siku hizi akipiga simu jioni, kitinda mimba huwahi kuipokea, na mimi husubiri zamu yangu.

Dada mpendwa, si lazima uende Ulaya. Hata safari ya basi kwenda kwa bibi yatosha. Jambo la maana ni baba awepo, watoto wakae karibu naye, nawe usiwe mkalimani wao kila mara.