Amplifaya ya daraja D: angalia volti kabla ya wati

Mtu ana spika mbili ndogo za mbao, zile za kuweka rafuni, alizopata mtumba zikiwa bado nzima. Ana betri ya volti 12 inayochajiwa na sola. Anakwenda mjini kutafuta amplifaya, anaona kiboksi kisichozidi kiganja kimeandikwa wati 50 kwa 50, bei iko chini ya sabufa, ananunua. Nyumbani muziki unalia vizuri, lakini akiongeza sauti unaanza kukwaruza hata kabla jirani hajausikia. Anaamini ameuziwa feki.

Huenda si feki. Kiboksi hicho kikiwa kwenye betri ya volti 12, na spika zikiwa za omu 8, kinatoa wati 9 hivi kwa kila spika. Hata kingekuwa kipya na halisi kutoka kiwandani, jibu lingekuwa hilohilo. Wati zilizoandikwa kwenye boksi zinahitaji volti ambazo betri yake haina.

Tuanze na hiyo herufi D. Kwa waliozoea matokeo ya shule, D inatia mashaka. Hapa haihusu alama za mtihani; ni jina la namna amplifaya inavyofanya kazi, kama zilivyo A, B na AB. Amplifaya za zamani, nyingi zikiwa za AB, hupunguza na kuongeza umeme polepole kufuata sauti, na ule usiokwenda kwenye spika hugeuka joto. Ni kama kukanyaga baiskeli huku umebana breki kidogo: unafika, lakini umechoka. Ya daraja D hufanya kama swichi. Transista zake huwaka na kuzimika kabisa, mara laki kadhaa kwa sekunde, na kinachobadilika ni muda wa kuwaka na muda wa kuzima. Mwishoni koili na kapasita husawazisha mapigo hayo yakawa sauti. Kwa kuwa swichi iliyowaka kabisa au kuzimika kabisa hula umeme kidogo sana, amplifaya nzuri ya aina hii inapofanya kazi kwa nguvu hupeleka karibu asilimia 90 ya umeme kwenye spika.

Kwa anayetumia umeme wa gridi, hiyo ni habari ya kawaida tu. Kwa anayetumia sola ni jambo kubwa. Chukua betri ya volti 12 yenye ampea-saa 20. Ina wati-saa 240, na betri ya asidi ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una wati-saa 120 za kutumia. Ukisikiliza kwa sauti ya kawaida chumbani, tuseme mtambo wote wa daraja D unakula wati 4. Utasikiliza saa 30. Amplifaya ya zamani inayokula wati 20 hata ikiwa imetulia tu itamaliza umeme huohuo kwa saa 6. Tena ile ya zamani mara nyingi inataka volti 230, kwa hiyo utaongeza inverta, nayo ina ulaji wake.

Sasa turudi kwenye wati. Kuna hesabu moja ya kukariri kabla ya kwenda dukani: zidisha volti kwa zenyewe, kisha gawanya kwa omu za spika mara mbili. Volti 12 mara 12 ni 144. Spika ya omu 8 mara mbili ni 16. Jibu ni wati 9. Spika ya omu 4 ingepata 18. Kwa chaja ya kompyuta mpakato ya volti 19, spika ya omu 8 inapata wati 22 hivi. Hizo ndizo za juu kabisa kabla sauti haijaanza kukwaruza. Halisi hupungua kidogo. Omu za spika zimeandikwa mgongoni, kwa alama ya Ω.

Hesabu hii inafaa kwa amplifaya ndogo nyingi za daraja D zinazotumia chipu kama TPA3110, TPA3118 na TPA3116D2, zote za kampuni ya Texas Instruments ya Marekani. Hiyo TPA3116D2 ndiyo mara nyingi iko nyuma ya maandishi ya “50 kwa 50”. Si uongo mtupu: inafika hapo, lakini kwa volti 21, spika za omu 4, na sauti ikiwa imeshaharibika kwa asilimia 10, kiasi ambacho sikio lolote linasikia. Maandishi ya PMPO kwenye masabufa, yenye maelfu ya wati, yapuuze kabisa. Hakuna kipimo kilichokubaliwa nyuma yake. Na mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 1964 kampuni ya Sinclair ya Uingereza iliuza amplifaya ya daraja D ya kujiunganishia iliyoitwa X-10. Nguvu iliyotoa ilikuwa kama wati 2.5.

Je, wati 9 zinatosha? Kwa chumba, ndiyo, na zinabaki. Spika ndogo ya kawaida ikipewa wati 1 hutoa sauti ya desibeli kama 86 ukiwa mita moja mbele yake, wakati mazungumzo ya watu wawili ni kama 60. Ukiipa wati 8 inafika 95, ambapo itabidi upaaze sauti ili mwenzako akusikie. Kutoka wati 9 hadi 36 unaongeza desibeli 6 tu. Ni ongezeko linalosikika, lakini si mara nne kwa sikio. Kwa hiyo kama una hela ya ziada, itie kwenye spika. Ile yenye desibeli 89 kwa wati 1 inalingana na kukuongezea wati mara mbili, bila kugusa betri. Kwa harusi uwanjani ni habari nyingine. Spika za rafuni haziendi huko.

Dukani, uliza kwanza inakubali volti ngapi. Unayotafuta kwa betri ya 12 ni ile iliyoandikwa kuanzia 8 au 10 hadi 24 hivi. Kuna vibodi vidogo sana vyenye chipu ya PAM8403, vya bei ya chini kuliko vyote, vinavyotaka volti 5 tu. Kimoja kinatoa wati 3 kwa kila spika na kinafaa kwenye pawabenki. Ukikipa volti 12 kinakufa papo hapo. Upande wa pili kuna TPA3255, chipu yenye nguvu kubwa inayoanzia volti 18. Kwenye betri ya 12 ni hasara.

Wenye sola ya volti 24 wawe macho zaidi. Chipu za TPA3116D2 na ndugu zake mwisho wa matumizi ni volti 26. Betri ya 24 inapochajiwa mchana inapanda hadi karibu 28.8. Amplifaya inayopiga vizuri usiku inaweza kuungua saa sita mchana, na muuzaji atakuambia umeiunganisha vibaya. Vilevile usiichukulie umeme moja kwa moja kwenye paneli: paneli inayoitwa ya volti 12 hufika 21 au 22 juani ikiwa haina mzigo, na zile kubwa hupita mbali. Chukua umeme kwenye betri au kwenye sehemu ya matumizi ya kontrola.

Kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, weka fyuzi. Ampea 5 inatosha. Hii si ya kulinda amplifaya bali nyumba, maana waya ukigusana betri inaweza kumwaga umeme wa kuyeyusha plastiki na kuwasha moto. Na angalia chanya na hasi mara mbili kabla ya kuunganisha, kwa sababu vibodi vingi vya bei nafuu havina kinga ya kugeuziwa.

Jambo moja linawakwaza hata mafundi wazoefu. Kwenye amplifaya hizi, waya zote mbili za spika zina umeme, hata ule wa alama ya hasi. Mafundi waliozoea redio za zamani huunganisha hasi za spika mbili pamoja ili kuokoa waya, au kuufunga kwenye hasi ya betri. Hapa utaunguza chipu. Kila spika iwe na waya zake mbili, zisikutane popote.

Mwisho ni jambo linalotuhusu sisi watu wa redio. Swichi inayopiga mara laki nne kwa sekunde ni kama kituo kidogo cha redio ndani ya nyumba. Mapigo ya kilohezi 400 huzaa mengine kwenye 800, 1200 na 1600, na masafa ya kati ya AM yako hukohuko, kati ya 531 na 1602. Ndiyo maana baadhi ya watu huwasha amplifaya mpya na stesheni wanayoipenda inamezwa na mlio. Watengenezaji wa TPA3116D2 waliliona hilo, wakaweka njia ya kubadilisha kasi ya swichi ili kukwepa AM, lakini kiwanda cha kibodi ndicho kinachoamua kama itatumika.

Unaweza kukagua kwa macho. Karibu na sehemu ya kufunga waya za spika, kibodi kizuri cha spika mbili kina koili nne, vipande vya mraba au pete zilizozungushiwa shaba. Kisicho na koili kwenye kundi hili la chipu kiache. Kisha nenda na redio ndogo ya betri, muombe muuzaji awashe amplifaya ikiwa na spika, uisogeze redio taratibu ukiwa umefungua AM. Mlio ukibaki hata ukiwa mita mbili, tafuta nyingine. Nyumbani, fupisha waya za spika na uzisokote pamoja, kwa kuwa waya mrefu uliotandazwa ni antena.

Wanaosikiliza FM kwa simu wana tatizo lao. Simu hutumia waya wa kisikilizi kama antena. Ukichomeka waya wa amplifaya hapo, huo ndio unakuwa antena, tena imeshikana na chanzo chenyewe cha kelele. Jaribu kuelekeza waya mbali na kibodi, au tumia redio ya kawaida yenye tundu la kisikilizi na antena yake ya kuvuta. Na ukisikia mluzi mwembamba pale tu simu inapochajiwa kwenye betri ileile, chomoa chaja.