Mwashi Aliyelipwa kwa Siri

Wanangu, siku hizi mchezaji akihamia klabu mpya, mshahara wake unajulikana mpaka vijiweni. Fergus Suter alilipwa kwa kificho, maana zama zake kumlipa mchezaji wa soka kulikuwa marufuku.

Alizaliwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1857, akajifunza uashi wa mawe, na soka akaichezea timu ya Partick. Mwaka 1878 akahamia Darwen, mji mdogo wa viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza. Uashi wenyewe hakudumu nao. Alidai mawe ya huko ni magumu mno, yanamvimbisha mikono! Lakini njaa hakulala. Watu wakaanza kunong'ona: nani anamlisha?

Waingereza wengi wakati huo walikuwa wakikokota mpira, kila mtu na mbio zake, mpaka anyang'anywe. Waskoti walipigiana pasi. Suter, beki, na mwenzake Jimmy Love walikwenda Darwen na ujuzi huo.

Mwaka 1879 Darwen wakafika robo fainali ya Kombe la FA. Wapinzani wao, Old Etonians, walikuwa mabwana waliosoma Eton, shule ya matajiri. Zikiwa zimebaki kama dakika 15, Darwen walikuwa nyuma 5–1. Wakafunga la pili, la tatu, la nne, la tano! Ngoma droo. Ikabidi warudi tena London, safari ndefu ya treni, na watu wa mji wakachanga nauli. Sare tena, 2–2. Mara ya tatu wakafungwa 6–2.

Mimi naona marufuku ile iliwaonea maskini. Bwana mwenye mali hucheza bure na asipungukiwe. Kibarua akikosa siku moja kiwandani, ujira wake unakatwa.

Mwaka 1880 Suter akahamia kwa majirani, Blackburn Rovers, na watu wa Darwen wakakasirika kwelikweli. Fainali ya 1882 akafungwa 1–0 na walewale Old Etonians. Kisha akabeba kombe mara tatu mfululizo: 1884, 1885 na 1886. Mbili za kwanza aliwafunga Queen's Park, vijana wa Glasgow alikozaliwa.

Julai 1885 malipo yakaruhusiwa rasmi. Ligi ilipoanza mwaka 1888, miguu ya Suter ilikuwa imechoka. Alicheza mechi moja tu, tena akiwa golikipa.