Usiupite Ubao wa Matangazo wa Ndaki

Tarehe 20 Septemba 1968, Bodi ya Kitivo cha Sanaa ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ilikaa kikao chake cha 42. Mezani palikuwa na waraka wa kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza kuhusu mwelekeo wa kitivo. Ajenda za namna hii huwalaza usingizi hata wajumbe waliolipwa posho. Lakini wasomi watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o (siku hizo akijulikana kama James Ngugi), Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, hawakuuacha waraka ule upite hivi hivi. Tarehe 24 Oktoba walitoa jibu fupi: Idara ya Kiingereza ifutwe, na mahali pake iundwe idara itakayoanzia fasihi na lugha za Afrika, masimulizi ya mdomo yakiwemo.

Yaliyofuata yanafahamika. Baada ya mabishano makali Nairobi ilipata Idara ya Fasihi, na mwaka 1974 walimu wa sekondari walikutana katika shule ya Nairobi School kujadili namna ya kufundisha fasihi ya Kiafrika. Baadaye fasihi simulizi ikawa sehemu ya mtaala. Mkenya aliyefanyia mtihani hadithi za mazimwi alizosimuliwa na bibi yake anadaiwa shukrani na majibizano yaliyotokana na kikao cha bodi.

Nimeanzia huko kwa sababu habari za ndaki (vitengo vikuu vya chuo vyenye idara ndani yake) za sanaa na sayansi za jamii zina tabia ya kuonekana hafifu siku zinapotangazwa. Wahandisi wakiunda mashine ya kukausha mihogo, kamera za televisheni hufika kabla ya mihogo. Idara ya Historia ikitangaza kwamba Jumatano alasiri mhadhiri fulani atazungumzia kodi ya kichwa enzi za Wajerumani, tangazo hubandikwa ubaoni, kona moja ya karatasi huachia, na watu wanapita. Makala hii ni ya wanaopita. Nitaeleza matukio hayo ni nini, lipi lina uzito gani, na kwa nini tangazo dogo mara nyingi ndilo la kusomwa kwanza.

Nitachukua mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilianza tarehe 25 Oktoba 1961 kwa wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na mwaka huohuo kikaanza kuwa na kitivo cha sanaa na sayansi za jamii. Leo kazi za kitivo kile zimegawanywa: Ndaki ya Insia ina historia, fasihi, falsafa, isimu na sanaa, Ndaki ya Sayansi za Jamii ina siasa, sosholojia, jiografia na jamaa zao. Kiswahili kina nyumba yake, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), iliyoundwa mwaka 2009 juu ya msingi wa iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI). Kila ndaki huongozwa na Rasi, kila idara ina mkuu wake, na kila moja ina ubao wake, wa mbao au wa mtandaoni.

Tukio la kawaida kabisa ubaoni ni semina ya idara. Haina mgeni rasmi, haina fulana wala kofia, na chai ikiwepo ni bahati. Msomi huleta makala ambayo haijachapishwa, wakati mwingine haijakamilika, akaieleza kwa nusu saa hivi, kisha wenzake wakaichana. Wanahoji ushahidi: umezungumza na nani, kwa nini hukwenda wilaya ya pili, nyaraka hizi za mkoloni umeziamini kwa kigezo gani? Mwandishi anarudi nyumbani na orodha ya marekebisho, pengine na kichwa kinachouma. Miezi au miaka baadaye makala hutoka katika jarida ikiwa imenyooka, na msomaji hawezi kujua ilikuwa imepinda wapi. Ndiyo maana nasema ukitaka kuona maarifa yakitengenezwa, nenda kwenye semina. Kwenye kongamano kubwa utakuta mengi yameshapikwa.

Mlimani ya mwishoni mwa miaka ya 1960 inaonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yangu. Mwaka 1968 Idara ya Historia ilituma wanafunzi kukusanya kumbukumbu za vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Walikwenda kwa wazee waliopigana au waliowaona waliopigana, kwa mradi ulioongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa. Wazee wale walikuwa wakipungua kila mwaka. Kazi ile ingesubiri miaka kumi, sehemu kubwa ya ushahidi ingekuwa imezikwa. Mwaka uliofuata Isaria Kimambo na Arnold Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichoweka Waafrika wenyewe katikati ya simulizi. Mwaka huohuo wa 1969 Ebrahim Hussein alitoa tamthilia yake kuhusu vita hivyohivyo, Kinjeketile, ambayo mpaka leo husomwa shuleni. Utafiti, kitabu na tamthilia vilitoka katika chuo kimoja, karibu kwa wakati mmoja, kwa mikono ya watu waliokuwa wakikutana katika korido zilezile.

Hapa niseme kidogo kuhusu maonyesho ya sanaa, maana wengi huyaona kama burudani ya kufungia wiki. Mwanafunzi wa sanaa za maonyesho anapopanda jukwaani mwishoni mwa muhula, mara nyingi anafanya mtihani. Kuna mwalimu gizani mwenye karatasi ya alama. Kwenda kutazama ni kumsaidia, kwa sababu mchezo usio na hadhira haupimiki.

Tukio la pili linalostahili maelezo marefu kidogo ni mhadhara wa uprofesa. Mtu akishapanda hadi ngazi ya profesa hupewa nafasi ya kusimama mbele ya chuo kizima na wananchi, aeleze amefanya nini miaka yote hiyo na fani yake inaelekea wapi. Siku hiyo kuna majoho, maandamano ya wanataaluma, na familia katika viti vya mbele. Usidanganywe na majoho. Mwaka 1969 Terence Ranger, profesa wa kwanza wa historia pale Dar es Salaam, alitumia mhadhara wake kutetea hoja kwamba historia ya Tanzania inapaswa kuandikwa kwa kutafuta hatua ambazo Waafrika walichukua wenyewe, badala ya kuorodhesha yale waliyotendewa. Mwaka uliofuata, Donald Denoon na Adam Kuper waliushambulia mkondo mzima wa historia wa Dar es Salaam katika jarida la African Affairs, wakidai wanahistoria wake wamegeuka watumishi wa utaifa. Wanafunzi wa historia wanasoma ugomvi huo hadi sasa. Mhadhara ulioishia kwenye pongezi na picha ya pamoja, bila kumkera mtu hata mmoja, mimi huutilia shaka.

Jirani wa mhadhara huo ni ule wa heshima, unaotolewa na mgeni. Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, kilichoanza mwaka 2008 Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia, kiliwaleta Mlimani watu wa kimo cha Wole Soyinka na Samir Amin. Ukumbi wa Nkrumah ulijaa. Ukumbi huo, kwa asiyewahi kufika, ndio uliochorwa nyuma ya noti ya shilingi 500 kabla sarafu haijachukua nafasi yake, kwa hiyo Watanzania wengi wamewahi kuubeba mfukoni bila kuingia ndani.

Kongamano linajieleza lenyewe, ila tangazo lake hutoka mara mbili, na la kwanza hupuuzwa. Hilo ni mwito wa ikisiri: waandaaji hutaja mada, tarehe ya mwisho na urefu wa muhtasari wanaoutaka. Mwalimu wa sekondari mwenye daftari lililojaa misemo ya wavuvi wa kwao, au ofisa maendeleo aliyeona jambo la ajabu katika vikoba, anaweza kutuma ikisiri kama mhadhiri. Wengi hawajui. Lakini ziko pia barua pepe zinazokukaribisha kwenye kongamano la kimataifa juu ya taaluma zote duniani, zinazokubali ikisiri yako ndani ya siku moja na kuomba ada siku ya pili. Hizo zifute.

Utetezi wa tasnifu ya uzamivu nao hutangazwa. Vyuo hutofautiana: kwingine jopo hujifungia na mtahiniwa, kwingine milango huwa wazi. Nchini Sweden, ambako wasomi wetu kadhaa walisomea, tasnifu hupigiliwa misumari ubaoni wiki tatu kabla ya utetezi ili yeyote aisome na kuja kuuliza. Desturi hiyo ningependa tuiazime.

Mahafali sina la kuongeza. Mnayajua, na mnajua foleni yake.

Sasa lawama. Vyuo vyetu vinatangaza matukio haya vibaya. Fungua habari ya ndaki yoyote baada ya kongamano: utasoma mgeni rasmi alikuwa nani, alimwakilisha nani, alimshukuru nani, na aliwaasa vijana wafanye nini. Utaona picha tano za meza kuu. Alichosema mtafiti, na aliyempinga alisema nini, hakimo. Ofisa habari anayeandika hivyo hana kosa peke yake. Bosi wake huuliza kwanza kama jina lake limetajwa. Matokeo yake mlipa kodi anaamini kwamba kazi ya ndaki ni kufungua na kufunga mikutano. Kuna pia suala la lugha. Utafiti kuhusu wakulima wa Rufiji huwasilishwa kwa Kiingereza, tangazo lake kwa Kiingereza, muhtasari kwa Kiingereza, na mkulima aliyehojiwa kwa Kiswahili saa tatu chini ya mwembe hapati hata ukurasa mmoja. TATAKI wameonyesha kwa miaka kwamba hoja nzito hujadiliwa kwa Kiswahili bila kupungua uzito. Idara nyingine hazina kisingizio.

Kwa mgeni wa mara ya kwanza nina ushauri wa vitendo. Piga simu au andika idarani siku moja kabla, kwa sababu ratiba hubadilika na mabadiliko huchelewa kufika ubaoni. Ulizia getini chumba kwa namba yake. Fika mapema ukae mbele. Vipaza sauti havitabiriki. Ukipewa nafasi, uliza swali moja, fupi, linaloishia kwenye alama ya kuuliza. Katika kila ukumbi yupo bwana mmoja anayeomba kuuliza kisha anahadhiri robo saa. Nafasi hiyo imeshajazwa, usigombee naye. Kama una ushahidi unaopingana na msemaji, kwa mfano ulikuwepo kijiji hicho kikihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, useme kwa utulivu na umwachie namba yako ya simu. Watafiti wazuri hukimbilia watu kama hao baada ya kikao.

Na kwa wakuu wa idara: kwenye tangazo lijalo, chini ya jina la mtoa mada, andikeni kwa Kiswahili sentensi moja inayotaja swali analolijibu, kisha mlibandike sokoni Mwenge na kituo cha daladala cha Mawasiliano. Semina zenu nyingi hazina kiingilio. Waambieni watu hivyo.