Mkaguzi na Mbuzi

Mwalimu wa darasa aandike ubaoni neno hili: U-KA-GU-ZI. Someni pamoja. Vema.

Kukagua ni kutazama kwa makini ili kujua kama kazi imefanywa kama ilivyoagizwa. Fedha za umma zikichimba kisima, mkaguzi hana budi kukiona kisima chenyewe, wala si karatasi zake tu. Nilipata kumwona mkaguzi aliyefika kijijini asubuhi, akachinjiwa mbuzi, akatia sahihi, akaondoka. Kisimani hakufika. Na mbuzi alitolewa na nani? Na wale wale waliokuwa wakikaguliwa!

Basi mkaguzi naye azuiliwe na nini asipotoke? Tutazame mkaguzi mkubwa wa Tanzania, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kazi yake imeandikwa katika Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 143. Huteuliwa na Rais, lakini akiwa kazini halazimiki kufuata amri ya mtu ye yote. Ofisi anayoikagua haihukumiwi kimya kimya. Huonyeshwa kwanza hoja zake, ipate kujibu. Huenda stakabadhi inayotafutwa imo katika kabati jingine.

Kisha taarifa huenda kwa Rais, naye hutakiwa kuagiza ifikishwe Bungeni, katika kikao cha kwanza kinachofuata, kabla ya siku 7 kupita tangu kikao kuanza. Je, Rais asipofanya hivyo? Katiba imejibu: Mkaguzi Mkuu ataipeleka kwa Spika. Kwa njia hiyo taarifa haiwezi kulala sandukuni. Husomwa na Wabunge, na wananchi, na mkaguzi mwenyewe hupimwa kwa yale aliyoyaandika.

Kijijini tunao Mkutano Mkuu wa Kijiji, uliowekwa na sheria ya mwaka 1982. Kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe, awe mwanamume au mwanamke, awe anajua kusoma au hajui. Hapo ndipo pa kuuliza: aliyekagua kisima ni nani? Alifika lini? Aliandika nini?

Sasa kazi ya nyumbani. Nendeni penye ubao wa matangazo wa kijiji. Tafuteni karatasi ya mapato na matumizi, mnakili mstari mmoja, neno kwa neno, pamoja na tarakimu zake. Kama karatasi haipo, andikeni: HAIPO, na tarehe mliyokwenda. Juma lijalo tutajifunza kuandika barua kwa Mwenyekiti wa Kijiji.