Fahamu: Wachwezi wa kesho katika katuni ya Mganda

Julai 5, 2023, Disney+ ilitoa Kizazi Moto, mkusanyiko wa katuni 10 zinazobuni Afrika ya kesho, kutoka nchi 6.

Uganda imo vipi?
Kupitia Herderboy ya Raymond Malinga wa Creatures Animation, Kampala. Ndiye aliyetengeneza A Kalabanda Ate My Homework, kuhusu zimwi ambalo wanafunzi wa Uganda huogopeshana nalo. Safari hii, wachungaji ng'ombe walio nusu watu, nusu mashine wamo katika ufalme wa Wachwezi, watawala wa masimulizi ya kale ya magharibi mwa Uganda.

Nianze na ipi?
Yoyote. Kila sehemu ni hadithi kamili, haiendelezi iliyotangulia. Lakini anza na Herderboy, kisha waulize wazee habari za Wachwezi.